TUSIBOMOE MBELE YA KUULIZA



Tangu mwanzo wa mwaka huu wa masomo kuna neno moja linazunguka kati yetu, kwenye uwanja wa mpira, kwenye internati, hata kule mtoni tunapofua nguo. Neno lenyewe ni hili: makanisa ya zamani ya matofali, yale ya wakati wa misioni, yamechoka, afadhali yabomolewe, tujenge mapya ya bloku na simenti, yenye madirisha makubwa na rangi kali, sawa yale ya Kindu. Wengi wanasema hivyo kwa furaha, kama vile mtu anayetupa kiatu kilichotoboka.

Kapita wa wanafunzi kazi yake si kupiga kengele na kuandika majina ya wachelewaji tu. Kazi yake tena ni kusema neno wakati wengine wananyamaza. Basi nasema wazi: sikubali. Sisemi kila ukuta wa zamani ni mtakatifu. Nasema tusibomoe mbele ya kuuliza, na tusiache mvua ibomoe mahali petu, kisha tuseme ni mapenzi ya Mungu.

TUMETOKA WAPI?

Uliza mwanafunzi yeyote hapa Kibombo habari ya Kanisa letu. Atakujibu kwamba Wamethodisti walifungua kituo cha Tunda, katika teritware yetu hii, miaka ya 1920, na kwamba walitoka Wembo-Nyama kwa Sankuru. Vizuri. Lakini Wembo-Nyama yenyewe ilitoka wapi? Hapo njo watu wanaanza kuangalia chini.

Ilitoka Luebo, kwa Kasai. Na Luebo haikuwa misioni ya Wamethodisti. Ilikuwa misioni ya Wapresbiteri kutoka Marekani. Ilianzishwa mwaka 1891 na vijana wawili: Samuel Lapsley, mzungu, na William Sheppard, mtu mweusi wa Virginia. Lapsley alikufa Matadi mwaka 1892, akiwa na miaka 25 tu. Angalia, ndugu: miaka 7 zaidi kuliko miye. Sheppard akabaki, akaendelea na kazi.

Huyu Sheppard inafaa tumjue. Mwaka 1899 alitumwa kuangalia mambo yaliyofanyika katika vijiji vya Kasai, kwa sababu watu walikuwa wakikimbia na kulia. Huko alihesabu mikono 81 iliyokatwa, ikikaushwa juu ya moto. Ilikuwa enzi ya Leopold II. Mwaka 1908 akaandika tena, safari hii juu ya mateso ya Wakuba chini ya kampuni ya mpira ya Kasai. Aliandika wapi? Si katika gazeti kubwa la Brussels wala la London. Aliandika katika Kassai Herald, gazeti dogo la misioni lililopigwa chapa pale pale Luebo. Kampuni ikakasirika, ikamshtaki yeye na mwenzake William Morrison. Kesi ilisikilizwa Léopoldville mwaka 1909, na Sheppard akatoka bila hatia. Kumbukeni jambo hilo kila mara mtu anapocheka gazeti letu hili kwamba ni karatasi mbili tatu zilizoshikwa na pini.

Mwisho wa mwaka 1911 watu wawili waliondoka Luebo kwa miguu kuelekea mashariki: Walter Lambuth, askofu wa Wamethodisti wa kusini mwa Marekani, mzungu, na John Wesley Gilbert, mwalimu mweusi wa Georgia aliyezaliwa mwaka 1863, wakati jamaa zake walikuwa wangali watumwa. Wapresbiteri waliwapa njia, mashauri, wakristo wa kusindikizana nao na wapagazi makumi. Walitembea karibu siku 40. Mwanzo wa mwezi wa pili 1912 wakafika kwa sultani Wembo Nyama wa Atetela, naye akawapokea. Mwaka 1914 misioni ikafunguliwa pale, na wakristo wa Luebo walikuwako tena kwa kusaidia kuianza. Gilbert hakurudi tena Kongo. Alikufa Marekani mwaka 1923.

Kwa hiyo sisi Wamethodisti wa Maniema ni wajukuu wa Wapresbiteri. Mama yetu ni Wembo-Nyama, nyanya yetu ni Luebo. Mtu asiyejua nyumba ya nyanya yake hawezi kusema anajua ukoo wake.

Na sasa sikilizeni jambo ambalo lilinishangaza nilipolisoma. Gilbert, mbele ya kuja huku, alikuwa amesoma Athens, kule Ugiriki. Mwaka 1891 alikuwa akichimba mabomoko ya mji wa kale unaoitwa Eretria, pamoja na wenzake, na kuchora ramani yake. Wanamhesabu kuwa mtu mweusi wa kwanza wa Marekani aliyefanya kazi hiyo ya kuchunguza vitu vya kale. Mtu aliyejua kwamba jiwe moja lililovunjika linaweza kueleza habari za miaka elfu mbili, huyo njo aliyetembea hadi kwa babu zetu. Angekuja leo na kutukuta tukipasua ukuta wa wazee wetu kwa nyundo ili tupate kifusi cha kujaza mashimo ya barabara, angesema nini?

MANIEMA YETU IKO NDANI YA HABARI HII

Wengine watasema: hayo ni mambo ya Kasai na Sankuru, Maniema inaingia wapi? Inaingia katikati kabisa.

Tarehe 15 mwezi wa saba mwaka 1871, David Livingstone alikuwa Nyangwe, kule chini kwenye Lualaba, katika sehemu za Kasongo. Siku ile watu wa wafanyabiashara ya utumwa walipiga bunduki ndani ya soko, na watu wengi sana, wanawake kwa wingi, waliuawa au walizama mtoni. Livingstone aliona kwa macho yake, akaandika. Maandishi yale yalipofika Uingereza yaliamsha watu kudai soko la watumwa la Zanzibar lifungwe, na mwaka 1873 likafungwa. Mwaka ule ule Livingstone akafa.

Baadaye Wapresbiteri wa Scotland, nchi yake, walianzisha misioni mbili kwa ukumbusho wake katika nchi inayoitwa leo Malawi: Livingstonia mwaka 1875, na Blantyre mwaka 1876, iliyopewa jina la mji aliozaliwa. Pale Blantyre, kati ya 1888 na 1891, mchungaji David Clement Scott alijenga pamoja na wafanyakazi Waafrika kanisa la Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote. Scott hakusomea ujenzi. Wafanyakazi wake hawakuwa wamejenga jengo la namna ile hata siku moja. Udongo ulitoka pale pale, matofali yalichomwa pale pale, na yalifanywa ya maumbo mengi mbalimbali ili yalingane na matao na minara. Kanisa lile limesimama zaidi ya miaka 130 na watu wanaabudu ndani yake. Hakuna aliyesema: limezeeka, tulete bloku.

Kenya vilevile. Huko Thogoto, karibu na Nairobi, Wapresbiteri walijenga kwa mawe kanisa wanaloliita Kanisa la Mwenge, likafunguliwa mwaka 1933. Na kule Zanzibar, juu ya kiwanja chenyewe cha soko la watumwa, Waanglikana walijenga kanisa kuu, na altare ikawekwa mahali watu wanaposimulia kwamba ulikuwako mti wa kuchapia watumwa. Miaka ya 2010 kanisa hilo lilitengenezwa upya kwa kazi kubwa, na kando yake pakawekwa nyumba ya maonyesho juu ya utumwa. Mgeni akiingia pale anafundishwa habari za watu waliofungwa minyororo. Kati yao walikuwa watu wa kwetu! Ndiyo maana mpaka leo huko Ujiji na pwani kuna watu wanaitwa Wamanyema. Yaani nyumba inayokumbuka machozi ya Maniema iko Zanzibar, na inatunzwa. Siye wenyewe hapa tunatunza nini?

Na tuendelee kidogo. Sheppard alikusanya vitu vya Wakuba, nguo za rafia, vikombe vya mti vilivyochongwa, visu. Leo vimehifadhiwa vizuri katika makumbusho ya chuo cha Hampton, kule Virginia. Mjukuu wa yule aliyechonga kikombe anahitaji visa ili akione. Jengo, tofauti na kikombe, mtu hawezi kulifunga katika sanduku na kulipeleka ng'ambo. Likipotea, tumelipoteza wenyewe, kwa mikono yetu.

WANAYOSEMA WANAOPINGA

Sitaki kujibu watu kwa kuwakaripia. Nimesikiliza, na maneno yao manne yanastahili jibu.

La kwanza: «Kanisa si matofali, Kanisa ni watu.» Ni kweli tupu, na mchungaji anatufundisha hivyo kila mara. Nabii Yeremia mwenyewe aliwaonya watu waliotegemea hekalu huku wakidhulumu mgeni na yatima. Lakini someni tena Yoshua sura ya 4. Watu walipovuka Yordani, waliamriwa kuchukua mawe kumi na mawili kutoka mtoni na kuyasimamisha, ili siku watoto watakapouliza maana yake, wazee wapate la kusimulia. Mawe hayakuwaokoa. Mawe yaliwafanya watoto waulize. Kanisa la zamani linafanya kazi ile ile. Ukiliondoa, mtoto hataona kitu cha kuuliza, na asiyeuliza hasimuliwi.

La pili: «Haya ni mambo ya wazungu, tuache yaende nao.» Ndugu, nani alikanyaga udongo? Nani alikata kuni za kuchoma tanuru? Nani alibeba maji kichwani kutoka mtoni? Nani alipanda juu na kufunga mbao? Mzungu mmoja alisimama na karatasi mkononi, na watu mia wakafanya kazi. Majina ya wale mia hayamo katika vitabu. Wapagazi waliotoka Luebo na Lambuth, vitabu vinataja hesabu yao tu, wala si majina yao. Kwa wazee wale, ukuta njo sahihi yao ya pekee. Katika tofali la zamani mara nyingine utaona alama ya vidole vya mtu aliyelifinyanga. Kulivunja na kusema «ni la mzungu» ni kumnyang'anya babu yako kazi yake mara ya pili.

Wala kuhifadhi si kusifu kila kitu. Misioni zilifanya mema, na tena zilidharau ngoma zetu, majina yetu na wazee wetu wa mila. Basi tusimulie yote mawili mbele ya ukuta ule ule. Ukumbusho usio na makosa ndani yake ni tangazo la biashara.

La tatu, nalo ndilo lenye nguvu kuliko yote: «Hakuna pesa. Dispansere haina dawa, walimu wanangoja mshahara, na wewe unataka kutengeneza ukuta?» Hapo sichezi. Kama kuna franka moja tu, na mtoto ana malaria, franka ile inunue dawa. Sitaki mtu achukue kitu cha wagonjwa akipe jengo. Lakini tazameni hesabu. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Janja moja lililong'oka, likirudishwa na misumari mitano leo, ni kazi ya asubuhi moja. Likiachwa misimu mitatu ya mvua, mbao zinaoza, ukuta unalowa kutoka juu, unapasuka, na hapo njo parokia itachangishwa miaka kumi. Kutotunza si kuokoa pesa. Ni kukopa kwa watoto wetu bila kuwaambia.

La nne: «Tunaongezeka, tunahitaji kanisa kubwa.» Vizuri sana, tujenge! Lakini tujenge kando. Kiwanja cha misioni hakikosi nafasi. Lile la zamani liwe chumba cha kusomea, darasa la watoto wa Jumapili, mahali pa mazoezi ya kwaya, mahali pa kuweka vitabu. Nyumba inayotumika haifi haraka. Nyumba inayofungwa kwa kufuli inaliwa na mchwa na popo.

ADUI NI WANANE

Tusidanganyane kwamba makanisa yetu yanaharibika kwa ajili ya uzee tu. Nimehesabu adui wanane: mvua, mchwa, popo, mizizi ya miti, vita, wizi, simenti mbaya, na sisi wanafunzi.

Vita tunaijua. Mwaka 1964, wakati wa uasi, vituo vingi vya huku viliachwa au viliporwa. Tena katika vita vya 1996 hadi 2003 milango, manjanja na vitabu viliondoka. Luebo yenyewe, nyanya yetu, ilifikiwa na vita ya Kamuina Nsapu mwaka 2017, na majengo ya mji yakachomwa moto. Kwa hiyo kila kilichobaki kimesimama kwa neema, na si kwa ulinzi wetu.

Simenti, wengi watashangaa kwamba nimeiita adui. Simaanishi simenti yote. Tofali la zamani lililochomwa kwa kuni ni laini, nalo linapumua. Maji ya ardhini yanapanda ndani yake, kisha yanatoka nje kwa jua. Ukilifunika na plasta ngumu ya simenti, maji yanafungwa ndani. Kwa macho ukuta unapendeza mwaka mmoja, miwili. Chini yake tofali linageuka unga. Mafundi wanaotunza majengo ya kale wanatumia chokaa, au udongo uleule wa zamani, kwa sababu kitu laini hutengenezwa na kitu laini.

Na sisi wanafunzi? Nitasema bila kutaja mtu. Ukuta wa kanisa unapigwa mpira kama vile ni goli. Majina yanaandikwa kwa mkaa na kwa ncha ya kisu, ati «Finalisti wa mwaka fulani». Katika kapela moja ambayo sitaitaja, nimeona matofali yakitolewa moja moja upande wa nyuma, na kesho yake yameshikilia sufuria jikoni kwa mtu. Wewe unayeandika jina lako juu ya kazi ya babu yako, jina lako litafutwa na mvua, lakini tundu litabaki.

SERIKALI NA SHERIA

Wengine wanafikiri haya ni mawazo ya kapita tu. Hapana. Nchi yetu iko na sheria juu ya mali ya utamaduni tangu tarehe 15 mwezi wa tatu 1971, ordonnance-loi nambari 71-016. Sheria hiyo inakubali kwamba jengo au kitu chenye thamani ya historia kinaweza kuandikwa na kulindwa. Lakini sheria haina miguu. Haiwezi kufika Kibombo peke yake kutafuta kanisa ambalo hakuna aliyeliandika.

Angalieni tena: Kongo ina mahali 5 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO: Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na hifadhi ya okapi. Zote tano ni za misitu na wanyama. Mkoa wetu pia ulipata sehemu yake katika Parke ya Lomami, iliyotangazwa mwaka 2016. Nafurahi kwa ajili ya nyani na okapi, viumbe vya Mungu. Lakini hakuna hata nyumba moja, ukuta mmoja, kaburi moja katika orodha ile. Kana kwamba katika nchi hii kubwa wanyama peke yao njo waliishi, na watu walipita usiku tu.

Na sisi Waprotestanti tusingoje wengine. Mwaka 1974 serikali ya Zaire ilichukua masomo yote ya makanisa mikononi mwake. Mwaka 1977 ikayarudisha kwa makanisa kuyasimamia, kwa mapatano, kwa kuwa yalikuwa yakiharibika. Funzo lake ni rahisi: mwenye kitu asiyekitunza, siku moja atakitafuta kwa mwingine. Tangu mwaka 1964 Wamethodisti wa Kongo wana askofu Mkongomani, John Wesley Shungu akiwa wa kwanza. Mwaka 2012 mashariki yetu ikapata askofu wake mwenye makao Kindu. Neno «mzungu atatengeneza» lilipaswa kufa zamani. Mwenye nyumba ni siye.

NINAYOOMBA

Siombi mambo makubwa. Naomba matano.

1. Mbele ya kuvunja kanisa lolote la zamani, mkutano wa parokia ukae, wazee wasikilizwe, na sababu ziandikwe. Kama fundi anayejua kazi amesema kweli ukuta utaua watu, basi ubomolewe. Lakini si kwa sababu ya rangi tu, wala kwa kuwa jirani amejenga jipya.

2. Mbele ya nyundo, kalamu. Wanafunzi wa mwaka wa tano na wa sita wanajua kupima na kuchora. Tupime urefu, upana, unene wa ukuta, hesabu ya madirisha. Mwenye simu apige picha kila upande. Tukikosa kuliokoa, angalau tulijue.

3. Vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya mazishi vitolewe kwenye kabati za mbao, viwekwe katika sanduku la chuma, juu ya vipande vya mti, mbali na ukuta wenye maji, na vinakiliwe kwa mkono. Mali bila daftari hupotea bila habari. Katika vitabu vile njo yamelala majina ambayo vitabu vya wageni havina.

4. Salongo ya Jumamosi moja kwa mwezi. Kama sisi 100 tukitoa kila mmoja saa 2, kwa miezi 9 ya masomo tunapata saa 1,800 za kazi bila franka moja. Kazi ya kwanza ni juu: manjanja na misumari. Ya pili ni maji: kuchimba mfereji ili mvua iende mbali na msingi. Ya tatu ni miti: mche unaoota ukutani ung'olewe ungali mdogo kama kidole. Ukuta wenyewe uje wa mwisho, tena pamoja na fundi.

5. Kila mwanafunzi, likizo hii, akae na mzee mmoja wa kwao, baba au mama, aulize: kanisa la kwenu lilijengwa na nani? Matofali yalichomwa wapi? Nani alikufa kazini? Nani alikataa kufanya kazi, na kwa nini? Aandike ukurasa mmoja. Gazeti letu lichape. Na msisahau kuuliza mama zetu, maana maji yote ya matofali yale yalibebwa na wanawake, na hakuna anayewataja.

Juu ya namba 5 nasema haraka, haraka! Ukuta unaweza kungoja mwaka. Mzee hawezi. Waliokuwa watoto wakati wa Wabelgiji leo ni wachache, na kila msimu wa mvua tunazika wengine. Mwezi wa saba sisi wa mwaka wa sita, tukisha fanya Exetat, tutatawanyika: Kindu, Kisangani, Kinshasa, wengine machimboni. Nyinyi wa chini mtabaki. Msikubali kuachiwa kiwanja kitupu.

Kwa Bwana Prefe na kwa Baba Mchungaji, kwa unyenyekevu, naomba Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao tupewe ngazi, majembe na ruhusa. Misumari, kalasi ya sita imekwisha kuchanga.

Kapita wa wanafunzi,
Mwaka wa Sita Pedagojia